Miadi Iliyopita Nikiwa Bonaire

Kama umetolewa kinyama hospitali, umeambiwa usubiri majibu, na nyumbani una tiketi ya ndege uliyoikata zamani, soma haya kabla hujafunga begi. Mimi si mtu wa kitabu. Shule niliacha kidato cha pili. Sitakueleza saratani ni nini wala inatoka wapi, hayo waulize wanaojua. Nitakueleza nilivyosafiri na donge kwenye titi la kushoto, na yaliyonipata mimi na wadogo zangu kwa sababu ya safari hiyo.

Naitwa Zuhura. Nakaa Lozells, Birmingham, nafanya usafi kwenye ofisi za mjini. Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu. Mama alifariki Unguja nikiwa na miaka kumi na tatu, baba akamfuata baada ya miaka miwili, na tangu hapo wadogo zangu wakawa wanangu: Salim, anayenifuatia, na Haji, kitinda mimba. Huku Uingereza nililetwa na ndoa. Ndoa ikaisha, mimi nikabaki. Salim alikuja kusoma, akapata kazi ghalani, tukawa tunakaa pamoja. Haji alijifunza kuzamia kwenye mahoteli ya watalii kaskazini mwa Unguja, mpaka Mholanzi mmoja akamchukua akafundishe kuzamia Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibea ambako wageni wengi huenda kwa ajili ya kuzamia tu. Nilikuwa sijamwona kwa miaka sita.

Tiketi niliikata wakati wa kiangazi, ya daraja la chini kabisa: begi moja la mkononi, chakula ujibebee, haibadilishwi, hairudishwi. Safari ilikuwa ya Februari. Donge nililigusa Desemba, nikioga. Lilikuwa kama kokwa ya zambarau chini ya ngozi, gumu, halichezi. Nikakaa nalo mwezi mzima nikijiambia litayeyuka.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa kwenye chumba cha kusubiria cha hospitali kubwa karibu na Harborne. Wanawake tulikaa kwa mstari, kila mmoja na koti lake mapajani, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Walinichoma sindano inayolia kama mashine ya kubania karatasi, mara nne. Nikaambiwa majibu yatachukua wiki mbili au tatu. Nikamwambia nesi kuhusu safari.

"Nenda," akasema. "Ila tuachie namba ambayo tutakupata."

Simu yangu ilikuwa haifanyi kazi nje ya nchi. Nikaandika namba ya Salim.

Kwetu dada hamtajii mdogo wake wa kiume neno titi. Nilimwambia Salim kuwa nimefanyiwa vipimo vya kike. Akainamisha uso kwenye sahani.

"Wakipiga, nambie."

"Sawa, dada."

Basi. Nikadhani nimeshapanga kila kitu. Nakusihi wewe unayesoma, usifanye kama mimi. Litaje jina la kiungo, aibu ya siku moja haiui mtu.

Nilipita Amsterdam na mkate na mayai ya kuchemsha kwenye begi. Saa kumi za ndege ya pili nilikaa nimeubana mkono ubavuni, maana pale walipochoma pamevilia. Siku ile palikuwa pa zambarau. Nilihesabu siku kwa rangi hiyo: zambarau, kijani, kisha manjano kama bizari.

Haji alinipokea uwanjani. Nilimwacha kijana wa kidevu laini, nikakuta mwanamume mwenye mabega.

"Dada, umekonda!"

"Na wewe umeungua kama chungu cha biriani. Huko baharini hamna kivuli?"

Alinipeleka kwenye nyumba wanayolala wazamiaji wasio na uwezo wa hoteli. Chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, wasichana wawili wa Kijerumani, na jiko la kushirikiana ambalo kila mtu ameandika jina kwenye maziwa yake. Uani suti za kuzamia zilitundikwa kwenye kamba, zinadondosha maji kama mbuzi waliochunwa. Upepo haukatiki kisiwani pale. Barabara inafuata bahari, na kando yake kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano. Kila jiwe ni mahali pa kuingilia majini. Watu wanaegesha pikapu, wanabeba mitungi mgongoni, wanatembea kinyumenyume mpaka bahari inawafunika. Punda wanazurura wakiwatazama.

Kila siku nilimpigia Salim kwa mtandao wa nyumba ile.

"Hospitali hawajapiga?"

"Bado, dada. Wewe pumzika."

Nikapumzika. Nilimpikia Haji wali wa nazi, nikamshonea vifungo, nikakaa kwenye jiwe la manjano nikimsubiri atoke majini na wageni wake. Naona haya kusema, lakini siku zile zilikuwa nzuri. Nilianza kuamini kuwa ukimya wa hospitali ni habari njema.

Siku ya saba, Ijumaa, Haji akaniambia na mimi lazima niingie.

"Mimi na nguo zangu hizi?"

"Nimekutafutia suti inayofika shingoni. Juu vaa buibui lako ukitaka. Samaki hawasemi mtu." Akaniwekea karatasi mbili kwenye ubao. "Jaza hapa. Ndiyo au hapana. Kila mtu anajaza, hata anayekwenda maji ya kiunoni."

Yalikuwa maswali ya afya. Moyo, hapana. Kifafa, hapana. Pumu, masikio, hapana. Kisha likaja swali kama kuna ugonjwa wowote ambao daktari ananichunguza kwa sasa. Nikasita. Nikaweka alama kwenye hapana.

Haji alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Dada, hiyo siyo."

"Siyo nini?"

"Hiyo ya mwisho. Sema kweli."

"Kweli ipi? Wewe unajua nini?"

Aliuchukua ubao kutoka mapajani mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Salim kanikataza."

"Kakukataza nini? Haji, nitazame."

"Hospitali walipiga Jumatatu. Majibu yamewahi kutoka, wakakupa miadi ya haraka. Walikutaka Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Jana, dada."

Nilikuwa nimekaa, na bado nilitafuta pa kukaa. Wageni wawili walipita na mitungi yao wakicheka. Nikaomba simu.

Salim alipokea akiwa kazini, nyuma yake mashine za ghalani zinalia.

"Shikamoo, dada."

"Hospitali wamepiga?"

"Haji kakwambia."

"Nakuuliza wewe."

"Walipiga."

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba uko safarini, wakupe siku nyingine. Wakataka namba ya huko, nikasema nitakwambia mwenyewe. Nesi hakunitajia kitu, dada, wallahi. Lakini mtu haitwi haraka kwa habari njema."

"Na ukanyamaza."

"Ungefanya nini huko? Tiketi haibadilishwi! Nilitaka uzipate hizo siku kumi. Tangu nikujue hujapumzika."

"Si zako za kunipa, Salim."

"Wewe ndiye uliyetufundisha!" Sauti ikampasuka. "Mimi nilitoka Pemba na machungwa ya baba. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri, njoo, na akifika mlangoni anayaona mabusati na watu waliokaa, anaelewa mwenyewe. Tunaona ni huruma, asije akaanguka njiani. Baba alipofariki Salim alikuwa Pemba kwa shangazi, ana miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyempelekea habari: baba anaumwa kidogo, anakutaka. Akaja na kikapu cha machungwa. Alikuta tumeshazika. Nilikipokea kikapu kile nikakipeleka jikoni, na hatukulizungumza jambo hilo tena mpaka siku ile, yeye yuko Birmingham na mimi nimesimama kwenye upepo wa Bonaire.

Tulipiga simu kwa watu wa tiketi. Msichana wa sauti nzuri alituambia mara tatu kuwa tiketi yangu haina mabadiliko, na mpya ilikuwa juu ya uwezo wetu wote watatu. Tukapiga hospitali. Nesi alinisikiliza, akasema majibu hayasomwi kwenye simu, akanipa siku nyingine ya daktari, wiki mbili mbele. Nikamwuliza kama nikiwahi kurudi kuna nafasi ya mapema. Akasema atajaribu. Hakufanikiwa, wala simlaumu.

Zikabaki siku tatu. Hizo ndizo siku ndefu kuliko zote nilizoishi, pamoja na zile za dawa zilizokuja baadaye. Ukiwa hospitali angalau unaona mtu anatembea na faili. Pale palikuwa na bahari ya buluu, na watu waliolipa kuja kufurahi. Wasichana wa Kijerumani waliniuliza kama nimeshaona kobe. Haji aliacha kazi akakaa na mimi. Siku moja alinipeleka kusini kwenye mabwawa ya chumvi, ambako maji ni ya waridi na chumvi imerundikwa kama vilima, na ndege aina ya heroe wanasimama kwa mguu mmoja. Alikuwa ananionyesha, na mimi nimeingiza mkono ndani ya buibui nalipima donge. Niliona limekua. Pengine halikukua. Nililipima mara nyingi mpaka ngozi ikachubuka.

"Dada, sema kitu," Haji akaniambia.

"Nikifa, msimwachie Salim aoshe vyombo peke yake. Anavunja."

Alicheka kwa nguvu, halafu akalia, na mimi nikamshika kichwa kama zamani. Sikulia. Nilikuwa nafikiria Alhamisi ile: kiti changu kitupu, jina langu likiitwa mara mbili na mtu akilikata kwa kalamu.

Salim alinisubiri kituo cha basi Birmingham, na koti langu zito mkononi. Alilishika wazi niingize mikono. Nikaingiza.

Siku ya daktari alikuja na mimi. Daktari mwanamke, mwenye saa kubwa ya mkononi, alilisema neno lenyewe bila kulizungusha, na akasema ugonjwa umeshafika kwenye tezi za kwapani. Nilimtazama Salim. Alikuwa anatazama sakafu, na goti lake linagonga meza. Nesi akaleta boksi la karatasi laini, akaliweka katikati yetu, na hakuna aliyeligusa.

Kemo ya kwanza, ile dawa ya saratani ya kuingizwa kwa dripu, ilinikuta Ramadhani. Nilikula mchana mlango umefungwa, kama mwizi, ingawa sheikh mwenyewe alishaniambia sina funga. Nywele ziliondoka siku ya kumi na sita, kwenye mto, kisha kwenye chanuo, kisha nilizishika tu zikaja mkononi. Kucha zikawa nyeusi. Maji yakawa na ladha ya msumari. Kuna siku niliteremka kwenye basi Lozells Road na sikuweza kutembea hatua mia moja zilizobaki. Nikakaa kwenye kreti nje ya duka la mboga, na muuza duka akaniletea chai bila kuuliza. Nikamwombea dua kwa jina la duka, maana jina lake mwenyewe silijui.

Salim alijifunza kupika uji. Mwanzoni ulikuwa na madonge, nikawa nausukuma.

"Unafanya kusudi," nikamwambia.

"Nafanya nini kusudi?"

"Kuniua."

Nilisema hivyo. Alikuwa amesimama na mwiko. Aliuweka chini, akavaa viatu, akaenda kazini, na toka kemo ya pili mpaka ya nne nyumba yetu haikuwa na maneno. Aliacha uji mlangoni, mimi nikala akiondoka. Nilitaka aumie. Nilipokuwa naumwa mwili mzima, hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na nguvu nalo. Hasira kwa mtu anayekupikia ni kitu kibaya, na wenzangu mtakaopita hapa mjue kuwa itakuja, na kwamba haimaanishi mmekuwa wabaya.

Kwenye chumba cha dripu nilikuwa nakaa karibu na Mama Harjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na Haji kwenye simu.

"Wewe ni wa Mombasa?"

"Wa Unguja, mama."

"Ah! Ndio maana unaongea kama redio." Akanisukumia kikombe cha barafu. "Weka hii kwa mdomo wakati hiyo dawa nyekundu inaingia. Kama hautaki vidonda. Mimi nimekataa mara ya kwanza, nikalia wiki mzima."

Barafu ilisaidia. Kila baada ya wiki tatu tulikaa pamoja, yeye ananisimulia ziwa na mimi namsimulia soko. Nilimwambia habari ya Salim. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana yako anakuja kukuchukua kila siku, eh? Anakaa pale nje kwa baridi?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie aingie ndani. Baridi haina kosa."

Sikujua alimaanisha nini, lakini siku hiyo nilimwita aingie. Kemo ya tano kiti cha Mama Harjit kilikuwa na mtu mwingine. Nesi aliniona nikikitazama, akageukia dripu yangu. Sikuuliza.

Julai dawa zikaisha. Agosti walilikata titi. Niliamka nikiwa na bomba ubavuni na kifua cha upande mmoja kama cha mtoto. Oktoba nikaanza mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki tatu, majani yakidondoka Harborne nzima na mimi napita juu yake na ngozi inayowaka.

Baada ya mionzi ya mwisho tulionana na daktari yule yule. Aliuliza kama tuna swali. Nilikuwa nalo tangu Februari, ila Salim ndiye aliyelitoa.

"Zile wiki mbili," akasema. "Alizochelewa. Kama angekuja Alhamisi ile."

Daktari aliivua miwani. Alisema hawezi kujua. Huenda hazikubadili kitu. Huenda. Hakuna mtu duniani anayeweza kutuambia, akasema, na asingependa tuitafute namba ambayo haipo.

Nje, Salim aliniomba radhi. Nilimwambia nimemsamehe. Siku nyingine ni kweli. Siku nyingine naamka na kifua kinauma na nazihesabu zile wiki moja moja, kisha nakumbuka mimi ndiye niliyeficha wa kwanza, mimi ndiye niliyempa namba bila kumpa habari. Nazihesabu na hizo pia.

Mwaka huu, baada ya Idi, Salim alikwenda Unguja kuoa. Mimi nilikuwa na skani wiki hiyo hiyo, na safari zenye majibu nyuma yake nimeshaapa kutozifanya tena. Alitaka kuahirisha, nikamkatalia. Aliondoka Alhamisi asubuhi. Mimi mchana nikaingia kwa daktari peke yangu.

Kuna kivuli kwenye uti wa mgongo. Kidogo. Kinaweza kuwa kovu, kinaweza kuwa lile jambo. Watakipiga picha tena baada ya miezi mitatu.

Nilikuwa kituo cha basi simu ilipolia. Salim alikuwa ameshuka kubadilisha ndege. Nikasikia watu wengi na matangazo.

"Dada, wamesemaje?"

Jibu nilikuwa nimeshaliandaa tangu kwenye ngazi za hospitali. Majibu bado, wewe nenda ukaoe. Lilikuwa tamu na jepesi, na lingempa siku kumi. Basi langu likaja, likafungua mlango, dereva akanitazama, likaondoka.

Nikamwambia yote. Uti wa mgongo, kivuli, miezi mitatu.

Nikamsikia mtu anamwuliza kwa Kiingereza kama yuko salama.

"Nirudi?" akaniuliza.

"Usirudi. Nenda. Nimekwambia ili ujue tu."

"Sasa nitachezaje ngoma na hili, dada?"

"Sijui, baba. Sijui."

Walimletea bibi harusi siku ya Jumapili. Haji alisafiri kutoka Bonaire kusimama badala yangu, akanitumia picha. Watu wote wanacheka, bibi harusi mwenyewe anacheka, shangazi wa Pemba amefumba macho kwa kigelegele. Salim yuko katikati na joho lake la dhahabu, anaitazama kamera kama mtu aliyekaa kwenye foleni anangoja kuitwa jina.

Nimeitundika sebuleni. Nikipita mbele yake najiuliza kama nilimtendea wema. Ila anajua.